Kanisa Lililofunga Mlango

Leo nawachukua kijijini, ila si kijiji cha kwetu. Nawapeleka Uingereza, mbali na London na mbali na bahari, kwenye vilima vya Derbyshire, ambako kondoo ni wengi na jua ni la kubahatisha.

Kwanza tuliweke sawa jina la kijiji, maana redioni mtu akikosea jina hasamehewi. Linaandikwa E, Y, A, M. Mimi nilipoliona mara ya kwanza nilisoma "Eyamu", nikatembea nalo hivyo miaka. Kumbe wenyewe hulitamka "Iim". Chukua jina la Karim, liondoe kichwa, hicho kipande kinachobaki kivute kidogo: Iim. Basi tukiwa redioni tutasema Iim, na atakayeyasoma mazungumzo haya gazetini ataliona limeandikwa Eyam. Ni kijiji kimoja, asitafute viwili.

Sasa niwaulize swali. Kazi ya nyumba ya ibada ni nini? Utaniambia: ifungue mlango. Kengele ilie au adhana itolewe, watu waingie, wasali, waozeshwe, na siku ya mwisho waletwe mabegani. Sawa. Leo nina kanisa moja la parokia, Kanisa la Mtakatifu Lawrence, ambalo siku yake kubwa kuliko zote ilikuwa siku lilipofunga mlango. Shikeni neno hilo, mlango, kwa sababu tutakuwa tunalirudia.

Ukifika Eyam unaliona kanisa lenyewe kando ya barabara ya kijiji, la mawe ya rangi ya kijivu iliyoiva, na mnara wa pembe nne. Si kubwa. Waliozoea makanisa makuu ya miji hawatashtuka. Lakini kabla hujaufikia mlango unakutana na kitu uani, katikati ya makaburi: msalaba wa jiwe uliochongwa zamani za Waanglo-Saksoni, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, kabla hakujawa na ufalme mmoja wa Uingereza. Kichwani umechorwa malaika, na mwilini umezungukwa na michirizi ya mzabibu inayojisokota kama nakshi za milango ya Lamu. Kipande cha nguzo yake kimepotea, kwa hiyo kichwa kimekalia shingo fupi, kama mtu aliyeinua mabega kwa baridi. Nauita msalaba huu mzee wa kijiji. Ulikuwapo kabla ya kanisa tunaloliona leo, na yote nitakayosimulia yalitokea mbele yake.

Kwa karne nyingi watu wa Eyam waliishi kwa kilimo kidogo, kondoo, na machimbo ya risasi. Sisemi risasi ya bunduki, nasema ile ya madini, nzito, laini, ya kijivu, iliyokuwa ikiezekea mapaa ya makanisa na kutengenezea mabomba. Watu wa machimbo ni watu wagumu. Wamezoea kuingia shimoni asubuhi bila hakika ya kutoka jioni. Hilo nalo likumbukeni.

Sasa tuingie karne ya 17, na tuingie kwa ugomvi, maana kijiji kilikuwa na makasisi wawili.

Uingereza ya siku hizo ilikuwa imetoka vitani. Mfalme alikuwa amekatwa kichwa mwaka 1649, nchi ikatawaliwa na Wapuritani, watu wa dini kali wasiopenda mapambo wala sala za kusoma kitabuni. Mwaka 1660 ufalme ukarudi, na mwaka 1662 ikapitishwa sheria kwamba kila kasisi lazima akubali kuendesha ibada kwa Kitabu cha Sala cha serikali. Asiyekubali, atoke. Kasisi wa Eyam aliyeitwa Thomas Stanley hakukubali. Akatolewa. Lakini hakwenda mbali, na wanakijiji wengi waliendelea kumpenda.

Mwaka 1664 akaletwa kasisi mpya, kijana wa miaka ishirini na kitu, William Mompesson, pamoja na mke wake Catherine na watoto wawili wadogo. Fikiria unavyopokewa katika kijiji ambacho mtu waliyempenda amefukuzwa ili wewe ukae kitini pake. Wanakuitikia salamu, wanakuja kanisani kwa sababu sheria inawataka, lakini shida zao wanampelekea yule mwingine. Na mwaka 1665 ikatoka sheria nyingine iliyowakataza makasisi waliofukuzwa kukaa ndani ya maili tano za parokia zao za zamani. Kwa hiyo Stanley kukaa Eyam kwenyewe lilikuwa kosa. Makasisi wawili, kijiji kimoja, mmoja ana ofisi bila watu, mwingine ana watu bila ofisi. Nitawarudia punde.

Mwisho wa kiangazi cha mwaka huohuo wa 1665, lilifika Eyam furushi la nguo kutoka London. London wakati huo ilikuwa ikifa kwa tauni. Furushi lilikwenda kwa fundi wa nguo wa kijijini. Yasemekana kitambaa kilikuwa na unyevu, na msaidizi wa fundi, George Viccars, akakitandaza mbele ya moto kikauke. Mle ndani mlikuwa na viroboto. Joto likawaamsha.

Viccars alizikwa tarehe 7 Septemba 1665. Haukupita mwezi, akafuata mtoto wa nyumba aliyokuwa akiishi, kisha jirani, kisha jirani wa jirani. Mtu alishikwa na homa, akatoka mitoki kinenani au kwapani, uvimbe mkubwa wa kuuma, na wengi hawakumaliza juma. Hadi leo, jirani na kanisa, zipo nyumba zinazoitwa Nyumba za Tauni. Mbele ya kila moja kuna kibao chenye majina ya waliokufa humo. Watu bado wanaishi ndani, wanaanika nguo, wanamwagilia maua. Kibao cha nyumba moja kinasema humo waliishi watu tisa wa familia ya Thorpe, na wote tisa walikufa. Mtalii anasoma, anatazama dirishani, anaona paka amelala.

Majira ya baridi ugonjwa ulipungua. Watu wakadhani umekwisha. Mwezi Juni 1666, joto liliporudi, nao ukarudi kwa nguvu mpya. Hapo ndipo wale makasisi wawili walipofanya jambo ambalo miezi michache nyuma lisingewezekana: walikaa pamoja. Mompesson alijua peke yake hatasikilizwa. Alimhitaji Stanley. Na Stanley, ambaye sheria ilimtaka asiwepo hapo hata dakika moja, alikubali.

Walichowaambia watu kilikuwa na sehemu tatu. Nazitaja polepole kwa ajili ya wanaoandika.

Moja: hakuna tena maziko ya kanisani. Kila nyumba izike wafu wake yenyewe, bustanini au shambani, tena upesi, bila jeneza kupita njiani na bila watu kukusanyika.

Mbili: kanisa linafungwa. Ibada zitafanyika nje, bondeni, mahali panapoitwa Cucklet Delf, kila familia isimame kivyake, mbali na nyingine.

Tatu, na hii ndiyo iliyokuwa nzito: hakuna atakayetoka kijijini. Mpaka unawekwa, na kila mtu abaki ndani yake hadi ugonjwa uishe, au yeye aishe.

Narudia: wafu wazikwe nyumbani, kanisa lifungwe, mtu asitoke. Hakukuwa na askari mpakani. Ulilindwa kwa neno tu.

Najua baadhi yenu, hasa wa pwani, hapa mmetikisa kichwa mkasema: mbona hili tunalijua? Ndiyo. Ni mafunzo yaleyale ya Mtume Muhammad, kwamba ukisikia tauni iko nchi fulani usiingie, na ikikukuta ndani usitoke kuikimbia. Masheikh wetu huyasimulia pamoja na habari ya Khalifa Umar, aliyegeuza msafara njiani aliposikia kuna tauni Sham alikokuwa akienda, na alipoulizwa kama anaikimbia kadari ya Mungu, akajibu kwamba anatoka katika kadari ya Mungu kwenda katika kadari ya Mungu. Sina sababu ya kudhani Mompesson aliwahi kuisikia habari hiyo. Lakini mtu wa Lamu au Zanzibar anaielewa Eyam upesi kuliko Mwingereza wa leo, ambaye huhitaji kuelezwa dini na karantini zimekutania wapi.

Na wenzangu wa Lushoto, nyinyi hamhitaji kuelezwa lolote. Tauni mliishi nayo milimani kwenu miaka zaidi ya ishirini, kuanzia mwaka 1980. Mnajua panya akifa ndani ya nyumba mtu anafikiria nini.

Sasa wasikilizaji, ngoja niwe mkorofi kidogo. Kisa hiki kikisimuliwa Uingereza, husimuliwa kama kisa cha ushujaa mtupu: kijiji kizima kilijitoa sadaka ili majirani wapone. Ni kweli, na sitaki kuupunguza. Lakini niulize: ni nani aliyekuwa na pa kwenda? Waliokuwa na uwezo, baadhi yao walikuwa wameshaondoka kabla ya Juni. Mompesson mwenyewe aliwatoa watoto wake wawili wakapelekwa Yorkshire kwa jamaa. Alitaka na Catherine aende nao, Catherine akakataa. Mchimba risasi mwenye watoto sita na mbuzi mmoja angekwenda wapi? Wanasimulia kwamba mwanamke mmoja wa Eyam alijipenyeza hadi sokoni Tideswell, mji wa jirani. Walipomtambua walimrushia matope na chochote kilichokuwa mkononi huku wakipiga kelele, tauni, tauni, mpaka akarudi mbio.

Kwa hiyo wengine walibaki kwa imani, wengine kwa aibu ya kutoka wenzao wakibaki, na wengine kwa sababu nje hapakuwa na mtu wa kuwapokea. Mimi simlaumu Mompesson kwa wale watoto. Ningekuwa yeye ningefanya hivyohivyo, na ndiyo maana nisingethubutu kuwahubiria wengine. Yeye alithubutu. Na alibaki.

Waliobaki walikula nini? Mwungwana mkubwa wa sehemu hizo, Earl wa Devonshire, aliyekuwa akikaa jumba la Chatsworth maili chache kutoka hapo, aliwapelekea chakula. Na majirani walileta vitu wakaviacha mpakani. Mahali pamoja ni chemchemi juu ya kilima, leo inaitwa Kisima cha Mompesson. Mahali pengine ni jiwe lililo njia ya kwenda kijiji cha Stoney Middleton.

Hilo jiwe nataka mlione vizuri. Ni jiwe tu la shambani, limelala nyasini, huwezi kuliita mnara wa kumbukumbu. Juu yake yametobolewa matundu, kila tundu la kuingia kidole. Mtu wa Eyam alikuja na senti zake, akazitia tunduni, akamimina siki juu yake, akaondoka. Siki ilikuwa dawa yao ya kuua ugonjwa kwenye fedha. Baadaye mtu wa Stoney Middleton akaja, akaweka mkate au nyama, akachukua senti zilizolowa siki. Hawakuonana. Matundu yale leo kingo zake zimelainika kwa vidole vya wageni, na kila ukifika unakuta mtu ametia senti humo. Nyinyi mliosimama na ndoo ya maji na sabuni mlangoni mwa duka mwaka 2020, wakati wa korona, mkanawa kabla ya kushika pesa, mnaujua mkono ule.

Kuna jambo ambalo kwetu sisi, nadhani, ni zito kuliko hata njaa. Ni lile la kwanza katika yale matatu. Kuzika peke yako.

Sisi maziko ni ya watu. Maiti inaoshwa na wanaojua kuosha, inavishwa sanda, inabebwa kwa zamu, hata asiyemjua marehemu anapiga hatua tatu nne na jeneza begani. Kuna matanga, kuna wa kupika, kuna wa kukaa tu kimya na mfiwa. Sasa mwondolee mfiwa hayo yote.

Nje kidogo ya kijiji, kilimani, kulikuwa na shamba la Riley, na hapo aliishi Elizabeth Hancock na mume wake John na watoto wao. Tauni iliingia nyumbani kwake mwanzoni mwa Agosti 1666. Kati ya tarehe 3 na tarehe 10, siku nane, Elizabeth alizika watoto sita na mume. Saba. Aliwazika kwa mikono yake, peke yake. Wanasimulia kwamba alifunga kitambaa puani na mdomoni, kisha akafunga kitambaa kingine miguuni mwa maiti, akaiburuta hadi kaburini, kwa sababu kushika hakuthubutu na kuinua hakuweza. Watu wa Stoney Middleton, wanasema, walikuwa wakimwona kutoka ng'ambo, na hakuna aliyevuka.

Yeye hakuugua. Akaondoka kwenda kwa mwanawe aliyebakia, aliyekuwa akifanya kazi Sheffield.

Makaburi yale yapo. Yamezungushiwa ukuta mdogo wa mawe katikati ya malisho, na kondoo wanakula hadi ukutani. Ukisimama pale unaona bonde lote, kijani, tulivu kabisa, na mnara wa kanisa hauko mbali. Ndiyo, kanisa lilikuwa karibu vile. Lakini lilikuwa limefungwa.

Wasiokuwa hata na Elizabeth wa kuwazika walizikwa na Marshall Howe. Huyu aliugua mwanzoni akapona, akaamini kwamba tauni haitamrudia. Akawa mzikaji wa kijiji, na malipo yake yalikuwa vitu vya marehemu: nguo, vyombo, chochote. Wapo waliosema alikuwa akiingia nyumbani kabla mgonjwa hajakata roho. Mke wake na mtoto wake wa kiume walikufa kwa tauni mwezi Agosti, na kijiji kilisema ni zile nguo alizokuwa akipeleka nyumbani. Kila msiba mkubwa una mtu wa namna hii, anayefanya kazi ambayo wote wanaikimbia kisha wote wanamsema.

Na Catherine, yule mke wa kasisi aliyekataa kuondoka? Yeye alikuwa akizunguka na mume wake nyumba kwa nyumba. Wanasimulia kwamba jioni moja ya Agosti walikuwa wakirudi nyumbani kwa miguu, yeye akasema hewa ya leo inanukia vizuri. Mompesson akanyamaza. Watu wa Eyam waliamini kwamba mtu akianza kusikia harufu tamu bila sababu, tauni imeshamwingia. Catherine alikufa, akazikwa tarehe 25 Agosti 1666. Siku chache baadaye mume wake aliwaandikia watoto barua kuwaeleza mama yao alikuwa mtu wa namna gani, na kwa mfadhili wake, Sir George Savile, akaandika nyingine kama mtu anayeaga. Hakutarajia kupona. Lakini alipona.

Kaburi la Catherine liko uani pa kanisa, karibu na ule msalaba wa kale. Msikilizaji makini ataniuliza: si tulikubaliana kila mtu azikwe kwao? Ndiyo. Nami nauliza vilevile, kisha naliacha kaburi la mama wa watu lipumzike.

Mtu wa mwisho alikufa tarehe 1 Novemba 1666. Katika barua yake ya mwezi huo Mompesson alihesabu nyumba 76 zilizoguswa na watu 259 waliokufa. Kijiji kilikuwa na watu wangapi kwa jumla, wanahistoria wanabishana. Kuna wanaosema 350, kuna wanaosema kama 700. Ukichukua hesabu ya kwanza, kijiji karibu kiliisha. Ukichukua ya pili, bado zaidi ya mmoja katika kila watatu hakuiona Krismasi.

Je, kujifungia kule kulisaidia? Swali hili linaulizwa mpaka leo. Kuna wanaosema kuliwaponya wa nje na kuwaua wa ndani, maana wenye afya walifungwa pamoja na wagonjwa, viroboto na panya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliopitia upya majina ya vifo vya Eyam, ulionyesha kwamba maambukizo mengi yalitoka kwa mtu kwenda kwa mtu mwingine, hasa nyumba moja, na ni sehemu ndogo tu iliyotoka kwa panya. Na wenye nyumba duni waliambukizwa zaidi. Kama ni hivyo, basi yale ya kuzuia maziko na kusali bondeni kila mtu kivyake, ambayo huenda watu waliyaona ni madogo mbele ya lile la mpaka, yalikuwa na akili kubwa. Tauni ya Eyam, kwa vyovyote, haikuvuka kwenda vijiji vya jirani.

Dakika zangu zinakimbia, na sijawaingiza kanisani. Tuingie, sasa hivi mlango uko wazi.

Ndani kuna kiti cha mbao kinachosemwa ni cha Mompesson. Kuna birika la ubatizo la kale. Ukutani juu, chini ya chokaa ya zamani, ilivumbuliwa michoro ya alama za makabila 12 ya Israeli. Kuna dirisha la vioo vya rangi, la mwaka 1985, lenye kisa chote: makasisi, Catherine, mpaka, na pia vijana wawili wachumba, Emmott Sydall wa Eyam na Rowland Torre wa Stoney Middleton, waliokuwa wakija bondeni kutazamana kwa mbali bila kusogeleana, mpaka siku ambayo msichana hakuja. Na kuna nakala ya daftari la maziko. Mimi ukiniuliza, dirisha ni zuri lakini daftari ndilo kanisa lenyewe. Jina, tarehe. Jina, tarehe. Jina la ukoo lilelile mara tano mfululizo.

Nje, ukuta wa kusini, kuna saa ya jua ya mwaka 1775, bapa kubwa la jiwe lililojaa mistari. Haisomi saa ya Eyam tu. Imechorwa ili uone pia wakati wa nchi za mbali. Kijiji ambacho miaka mia moja nyuma hakikuruhusu mtu kuvuka jiwe, kimejichorea dunia nzima ukutani. Sisi wenye saa zetu za Kiswahili tungegombana nayo, maana saa nzima baada ya jua kuchomoza sisi tunasema saa moja nayo inasema saba. Na ikinyesha, yaani karibu kila siku, haisemi chochote.

Kuna kichekesho kimoja nisichoweza kukiacha. Aliyekuwa kasisi hapa miaka kumi na minane hivi baada ya tauni, Joseph Hunt, alikwenda baa ya kijijini mwaka 1684 kubatiza mtoto. Baada ya ubatizo vikombe vikazunguka, na kwa mzaha wakaigiza harusi: kasisi ni bwana arusi, binti wa mwenye baa ni bibi arusi. Maneno yakasemwa yote. Habari zikamfikia askofu, na askofu hakucheka. Akamwambia: umeoa. Lo! Na Hunt alikuwa ameshamchumbia mwanamke mwingine mjini Derby, naye huyo akampeleka mahakamani kwa kuvunja ahadi. Wanasimulia kwamba kesi na madeni vilimwandama hadi akahamia kuishi na mke wake katika chumba kilichojengwa ubavuni mwa kanisa, ambamo wadai hawakuweza kumkamata. Mlango uleule wa kanisa, umefungwa mara ya pili. Safari hii kwa sababu ya baa.

Kila Jumapili ya mwisho ya Agosti watu wa Eyam huwa na Jumapili ya Tauni. Shada la maua huwekwa kwenye kaburi la Catherine, kisha watu huteremka kwa maandamano hadi Cucklet Delf kwa ibada ya wazi, palepale bondeni. Wanasimama karibu karibu, bega kwa bega, mimi hilo ndilo linalonigusa.

Na makasisi wetu wawili? Stanley, yule aliyefukuzwa, alikufa mwaka 1670. Sheria haikuwahi kumrudishia kiti chake. Mompesson alioa tena, akahamishiwa parokia nyingine, kijiji cha Eakring huko Nottinghamshire. Alikaa huko mpaka alipofariki mwaka 1709.

Lakini siku alipofika Eakring, wanasimulia, watu waliposikia kasisi mpya anatoka Eyam, walimkatalia kuingia kijijini. Hawakutaka kumwona kanisani wala karibu na nyumba zao. Ikambidi akae kibandani nje ya kijiji, na Jumapili alihubiri chini ya mti, wao wakisimama mbali. Mti ule ulibaki na jina la mimbari kwa vizazi, mpaka ulipoanguka, na leo mahali pake kuna msalaba wa jiwe. Alisimama chini yake, yeye aliyewafundisha watu wa Eyam kukaa mbali, na sijui kama alikasirika.

Wasikilizaji wapenzi, mlango wangu nami unafungwa, fundi mitambo ananionyesha mkono.